Mistari Kumi na Miwili ya Lamont Gaskin

Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, mashine za kiwanda cha nafaka zinapozimwa kwa robo saa, Dale Wrobel huenda kukaa ndani ya pikapu yake, huwasha kipasha joto na kusoma watu wanasema nini juu ya albamu yake. Aliiimba akiwa na miaka ishirini na minne. Sasa ana hamsini na mmoja, na wengi wa wanaoisifu hawakuwa wamezaliwa ilipotoka.

Msikilizaji mmoja wa Monterrey ameandika kwenye tovuti: "Wimbo wa tatu ulinifanya niegeshe gari kando ya barabara." Wa Łódź, kule Poland walikotoka babu zake Dale: "Wimbo wa tatu, kuanzia dakika ya pili. Asanteni." Mwingine wa Australia aliuliza tu: "Huyu Lamont ni nani, na kwa nini hakutoa kitu kingine tena?"

Dale analijua jibu la swali hilo. Alilisoma swali miaka mitatu iliyopita na hajalijibu.

Bendi waliiita Masizi. Walikuwa vijana wanne wa Cheektowaga, kando ya Buffalo, wote watoto wa watu waliofukuzwa kazi kiwanda cha chuma cha Lackawanna kilipofungwa. Walipiga hardcore, ule muziki wa gita zito na koo kavu, katika gereji ya baba yake Vince Todaro, mpiga dramu. Walikuwa na wimbo mmoja uliojulikana mjini, "Lango la Pili", juu ya asubuhi ile wafanyakazi walipokuta geti lina kufuli. Dale hakuuandika kwa ufundi wowote. Alipanga tu maneno ambayo baba yake alikuwa akiyasema mezani, akaondoa matusi mawili.

Lamont Gaskin alikutana naye ghalani, walikokuwa wakipakia makopo ya supu. Mkanda wa kusafirishia makopo ulikuwa na kiungo kibovu, kila kikipita kililia *tak*, na Dale akagundua kwamba mwenzake wa upande wa pili anafokafoka mistari ya rap chini kwa chini, akifuata ule mlio.

"We, unaongea na nani?" Dale alimuuliza.

"Na mkanda," Lamont alijibu bila kugeuka. "Huyu angalau anashika mapigo. Nyie watu wa gita mnakimbia kama mmeiba kuku."

"Umejuaje mimi ni wa gita?"

"Umevaa nyeusi tupu mwezi wa saba, halafu unanuna. Ama ni gita ama umefiwa."

Wiki ile ile Dale alimpeleka kwenye gereji. Vince alimtazama Lamont kutoka kwenye viatu hadi kofia, akamgeukia Dale. "Umetuletea mhubiri?"

"Mhubiri huanza kwa kuomba watu watulie," Lamont alisema. "Anza wewe na hizo dramu zako, mzee."

Vince alicheka, na lilipoisha lile cheko Lamont alikuwa amekwisha kuwa mtu wa bendi. Kwa mji ule halikuwa jambo dogo. Barabara ya Main Street ndiyo mpaka kati ya Weusi na Weupe wa Buffalo. Lamont alikaa mashariki yake, kwa Weusi wenzake, na vijana waliokwenda kwenye maonyesho ya Masizi hawakuwa na sababu ya kuuvuka.

Albamu, "Zamu ya Tatu", walirekodi kwa siku kumi na moja katika chumba cha chini cha nyumba ya mtu. Nyimbo nyingine tisa zilikuwa kama walivyozoea, kelele zikifuatana na kelele. Katika wimbo wa tatu gita linashuka, dramu inabaki peke yake, na Lamont anafoka mistari thelathini na miwili bila kupumzika. Ni habari za babu yake, Hosea Battle, mzaa mama yake, aliyetoka Alabama kuja kufanya kazi kwenye matanuri ya makaa kule Lackawanna. Huko ndiko walikopangwa Weusi, kwa sababu hakuna Mweupe aliyetaka kuvuta moshi ule. Mistari inasema alipita lango lile lile na baba yake Dale, saa ile ile, kwa miaka kumi na tisa, na hawakuwahi kusalimiana. Jina la babu linatajwa katika mstari wa ishirini.

Dale alipousikia mara ya kwanza alitoka nje, akasimama kwenye theluji bila koti. Aliporudi ndani hakusema kitu. Kwa akina Wrobel mtu hasifiwi usoni. Ukimpenda mtu unamtengenezea gari, unampelekea chakula, unamkwangulia theluji mlangoni kabla hajaamka. Mchana ule Dale alimnunulia Lamont mkate wa nyama ya ng'ombe wenye chumvi juu, na kachumbari ya mizizi mikali pembeni, akamsukumia mezani. Aliona amesema yote.

Lamont aliula, akangoja, akaona hakuna kinachofuata.

Onyesho la kuizindua albamu lilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na saba, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa maveterani wa Kipolandi. Hardcore ya kule ilikuwa ya mchana, ili watoto wa shule waingie na mabasi ya mwisho yasiwaache. Jikoni, nyuma ya jukwaa, akina mama wa parokia walikuwa wakikunja pierogi za Kwaresima, vifuko vya unga vyenye viazi na jibini, wakipaza sauti kushinda spika. Maiki zilikuwa mbili. Moja ilikufa kwenye wimbo wa kwanza, kwa hiyo Dale na Lamont wakawa wanapokezana iliyobaki.

Inafaa kuieleza desturi moja ya watu hawa, maana kila kitu kimesimama juu yake. Katika onyesho la hardcore maiki si mali ya mwimbaji. Yakifika maneno ambayo watu wanayajua, mwimbaji huinyoosha kwa watazamaji, nao hupandana mabegani, kumi, ishirini, kila mmoja akitaka neno moja lipite kinywani mwake. Bendi hupimwa kwa lundo hilo. Ukinyoosha maiki na mtu asije, umekwisha. Dale alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka kumi na sita, na hakuwahi kunyoosha maiki ikakosa mtu.

Wimbo wa tatu ulipoanza, lundo halikuwepo. Lamont alishika maiki, akafoka mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na vijana waliokuwa mbele wakakunja mikono. Kundi moja likageuza migongo. Wengine walianza kutoka kwenda kuvuta sigara barabarani. Kwenye mstari wa tisa kijana mmoja aliita, "Lango la Pili!" Mwingine akaitikia. Dale alisimama pembeni mikono mitupu, akiuona ukumbi ukimwagika kama maji ya karai. Hiyo ndiyo picha aliyobaki nayo, na ameitumia kujitetea kwa miaka yote.

Kwenye mstari wa kumi na mbili aliitoa maiki mkononi mwa Lamont na kuinyoosha kwa watu.

Vince alielewa kabla hajaambiwa. Dramu zilibadilika, gita likafuata, "Lango la Pili" ikaanza na ukumbi ukaanguka mbele wote kwa pamoja. Waliokuwa barabarani walirudi mbio. Lilikuwa lundo kubwa kuliko yote waliyowahi kupata. Lamont alisimama na mdomo wazi katikati ya neno, kisha akaufunga, akachukua koti lake nyuma ya spika na kutoka kwa kupitia jikoni. Mama mmoja mwenye unga hadi viwikoni alimuuliza, "Umemaliza mapema, mwanangu?"

"Nimemaliza, mama," alisema.

Wiki zile Dale alikusanya maoni ya wasikilizaji kama mtu anayekusanya mashahidi. Yalikuja katika vijarida vya fotokopi vilivyofungwa kwa pini. Cleveland: "Nyimbo tisa za kuvunja shingo na mmoja wa kuruka bila kuusikiliza." Syracuse: "Masizi wameanza kujipendekeza kwa redio." Barua ya Erie, isiyo na jina: "Mrudisheni huyo jamaa upande wake wa mji." Dale aliyasoma akajiambia kwamba watu wamekataa muziki. Hata barua ya Erie aliiita maoni juu ya muziki. Alipiga simu nyumbani kwa akina Gaskin mara mbili, na mara zote mbili mama yake Lamont alisema kwa sauti ya upole kwamba hayupo. Mwaka uliofuata bendi ilivunjika. Lamont alihamia Rochester, mwendo wa saa moja na robo kwa gari, na Dale hakuuendesha mwendo huo kwa miaka ishirini na saba.

Kisha mtu asiyemjua aliipandisha albamu mtandaoni, na maoni yakageuka. Yaligeuka yote kwa pamoja, kama kundi la ndege. Wimbo wa kuruka ukawa wimbo wa kurudiarudia. Watu walibishana kama Lamont alikuwa amewatangulia wenzake kwa miaka mitano au kumi. Dale aliyasoma kila asubuhi kwenye pikapu, na kwa kila sifa aliyopewa Lamont alijisikia kama na yeye amesamehewa kidogo.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Vince alimpigia. Siku hizi anauza madirisha, na sauti yake imepata ulaini wa watu wa mauzo.

"Wanatutaka, kaka. Onyesho moja, hapa hapa mjini, Jumapili mchana kama zamani. Tiketi wanasema zitaisha kwa saa moja."

"Wanatutaka sisi?"

Vince alikohoa. "Wanamtaka Lamont. Sisi tutabeba vyombo."

"Basi mpigie."

"Mimi sikumnyang'anya maiki, Dale. Kaka, hilo ni lako."

Kwa hiyo Jumamosi moja Dale alichapisha maoni yote ya wasikilizaji kwenye maktaba, kurasa sitini na tatu, akaziweka kwenye bahasha ya kaki na kuendesha hadi Rochester. Hakwenda kwa ajili ya onyesho. Alitaka Lamont ayasome maneno yale mbele yake, aone kwamba dunia imekuja upande wake, kisha waweze kukaa meza moja tena. Hilo tu ndilo alilolitaka, na njia nzima alilifanyia mazoezi kwa sauti.

Lamont ni fundi wa mabasi ya shule. Alikuwa chini ya moja, miguu ikionekana, na alipojivuta nje Dale aliona kichwa kimekuwa cheupe na miwani imefungwa kwa kamba. Lamont alimtazama muda mfupi.

"Umenenepa," alisema.

"Na wewe umezeeka."

"Mimi nina sababu. Ninao watoto wa shule." Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kahawa ipo pale. Mbaya, lakini ya moto. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuletea kitu." Dale alifungua bahasha. "Kaa kwanza, bwana. Sikiliza huyu, wa Monterrey." Akasoma. Akasoma wa Łódź, na wa Australia, na mwanamke mmoja wa Oakland aliyeandika kwamba aliicheza mistari ile kwenye mazishi ya baba yake. Alisoma vizuri. Maoni mengine alikuwa anayajua bila kutazama. Lamont alikaa kwenye ngazi ya basi na kikombe chake, akasikiliza mpaka ukurasa wa nne, kisha akainua mkono.

"Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe uliionaje ile mistari?"

"Unajua, Lamont, watu wa wakati ule hawakuwa tayari. Walikuwa wanataka..."

"Sijakuuliza watu. Umeniletea watu bahasha nzima. Nakuuliza wewe."

Dale alitazama kurasa zilizokuwa mkononi mwake kana kwamba na maoni yake yamo humo. "Ilikuwa mizuri," alisema. "Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusimama karibu navyo."

"Siku ile, pale ukumbini. Ulikuwa unajua?"

Hapo Dale angeweza kusema hapana. Aliliona lile *hapana* limekaa mbele yake kama mlango uliofunguliwa. Angekuwa mjinga kama wengine, aliyechelewa kuelewa kama wengine, na ujinga husameheka. Lakini alikuwa ameendesha saa moja na robo akijiapia kusema kweli.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza tulipoirekodi. Nilitoka nje, nikasimama kwenye theluji."

Lamont alitikisa kichwa polepole. "Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wale vijana sikuwahi kuwa na neno nao. Walikuwa watoto, hawakujua wanachokigeuzia mgongo. Miaka yote nimekuwekea akiba kwamba labda na wewe hukujua." Akanywa kahawa. "Mama alikuwepo, unajua?"

"Wapi?"

"Ukumbini. Alitoka kanisani moja kwa moja, na kofia yake na glavu. Wale akina mama wa jikoni walimpa kiti karibu na mlango wao. Nilimwambia, 'Mama, njoo, leo babu atatajwa mbele ya watu.' Baba yake huyo, Dale. Kaburi lake hata jiwe halina. Alikuja kusikia jina tu."

Dale alizikunja kurasa alizoshika.

"Mstari wa ishirini," alisema Lamont. "Mimi nilifika wa kumi na mbili. Tukiwa kwenye basi akaniuliza, 'Si ulisema babu yako yumo?' Nikamwambia, 'Yumo, mama, ni wimbo mrefu.' Hakuuliza tena. Alifariki mwaka wa elfu mbili na tisa."

"Hakusikiliza ile CD?"

"Sikumpa. Ningempaje? Aseme nini, kwamba kumbe jina lilikuwa mbele kidogo tu?"

Nje, basi moja lilirudi nyuma likilia pii, pii, pii. Dale alirudisha karatasi kwenye bahasha, zikakataa kuingia sawasawa. Hotuba aliyoifanyia mazoezi njiani ilikuwa na sehemu ya kuomba radhi, akaitafuta na kuikuta ni fupi mno. Aliisema hata hivyo. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Sina hasira na wewe," Lamont alisema. "Zamani nilikuwa nayo, ikaisha. Lakini pale ilipokuwa hakujaota kitu." Alisimama, akamwaga kahawa iliyobaki kwenye mfereji wa sakafu. "Sitakuja kwenye onyesho lenu. Mwambie Vince namsalimu. Na barabara ya kusini ina barafu, pitia ya juu."

Dale alimnyooshea bahasha. Lamont aliitazama.

"Peleka nyumbani," alisema. "Umeitunza vizuri."

Vince alilipokea jibu kama muuzaji anavyopokea mlango uliofungwa, akitafuta dirisha. "Basi tutafute kijana mwingine afoke mistari ile. Wapo wengi wanaijua kwa moyo. Watu watafurahi tu."

"Hapana."

"Dale, ni maneno. Yako mtandaoni, kila mtu anayo."

"Nimesema hapana, Vince. Nikisikia mtu ameyafoka nitapanda jukwaani mwenyewe nimnyang'anye. Unajua naweza."

Vince hakucheka. Onyesho likafa hapo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Dale alikaa jikoni kwake na kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alifungua akaunti kwenye tovuti na kuandika maoni yake chini ya albamu. Ilimchukua mchana mzima. Aliandika jina lake kamili. Aliandika kwamba Lamont Gaskin hakuwa amewatangulia watu kwa miaka mitano wala kumi. Watu walikuwa palepale mbele yake, na aliyewazuia wasisikie ni yeye, Dale, aliyemnyang'anya maiki kwenye mstari wa kumi na mbili kwa kuogopa ukumbi kuwa mtupu. Aliandika kwamba mama yake Lamont alikuwa amekaa karibu na jikoni akingoja jina la baba yake, na kwamba jina hilo ni Hosea Battle. Mwisho aliandika kwamba mistari ile ni mizuri, na kwamba alijua ni mizuri. Akabonyeza.

Jibu la kwanza lilikuja kabla maji ya chai hayajachemka. "Kama wewe ni Dale Wrobel, mimi ni Baba Mtakatifu."

La pili: "Unaona raha gani kuchafua jina la marafiki wawili?"

La tatu lilikuwa refu, la mtu aliyesema anaitwa Kip na kwamba alikuwa ukumbini siku ile. Uongo mtupu, aliandika Kip. Lamont alimaliza mistari yote thelathini na miwili. Ukumbi ulinyamaza mpaka ukasikia akina mama jikoni wakiacha kazi zao. Na alipolitaja jina la babu yake, mwanamke mmoja mwenye kofia ya kanisani alisimama mlangoni, na watu wakampisha apite mbele.

Dale alilisoma mara mbili. Kofia yeye hakuwa ameiandika. Labda Kip alikuwepo kweli, na miaka ishirini na saba ilimtengenezea kumbukumbu ya kile alichostahili kukiona. Labda alikuwa mmoja wa wale waliogeuza migongo. Chini yake watu walikuwa wakimshukuru kwa kusimulia. Mmoja alisema ameisoma huku analia, mwingine kwamba sasa ameelewa kwa nini Lamont aliacha: baada ya siku kama ile, mtu anaimba nini tena?

Alianza kuandika kwamba haikuwa hivyo. Aliandika maneno matatu, akayafuta. Kisha akarudi juu kwenye jibu la Kip, akalisoma tena, taratibu, mpaka pale mama anaposimama, na hapo akaweka simu mezani kifudifudi, akafunika uso kwa mikono yote miwili.